Kipato kimezidi kiwango: makochi ya kuazima yalivyomkosesha mwanangu nafasi ya kituo

Wakuu, habari za humu ndani. Wa kwetu Kyela, ugonile. Wengine shikamoo na mambo, kila mtu achukue inayomfaa.

Mimi ni msomaji wa siku nyingi, kuandika ndiyo naanza leo. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sina sababu ya kutia chumvi. Majina ya majirani nimeyabadilisha. La mwanangu nimemuuliza, kasema niweke tu, ila nisimwaibishe. Hilo la pili sijamwahidi.

Kilichoniamsha ni uzi wa juzi. Mdau kalalamika kanyimwa msaada wa mtoto kwa sababu eti kipato chake kimevuka kiwango. Komenti zote chini zinamshauri afiche pikipiki kwa shemeji yake kabla afisa hajarudi.

Nikacheka, maana mimi yalinikuta kinyume. Tulieni niwape stori.

Ni enzi zile za ruksa, biashara zimefunguliwa, kila mtu anajaribu lake. Naishi Bujonde. Baba Sekela alikuwa karani kwenye ghala la ushirika, wakapunguzwa kazini yeye na wenzake. Akavuka mto Songwe kwenda upande wa Malawi kutafuta biashara. Huko akapata biashara na akapata na mke. Hiyo stori inatosha, simdai kitu.

Nikabaki na Sekela, miaka mitatu na miezi. Mtoto mwenye miguu isiyotulia kabisa.

Kazi yangu ilikuwa vyungu.

Kwa msioijua hii kazi: kina mama wa Kikisi wanafinyanga vyungu kule pwani ya ziwa Nyasa, wanavileta kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, karibu na Matema. Mimi nachukua pale, nafunga kwa majani makavu ya mgomba, napeleka vijijini Bujonde na Ikolo. Hela haikuwepo katikati. Mama mwenye shamba anakichagua chungu, anakijaza mpunga mpaka mdomoni. Chungu kinabaki kwake, mpunga unakuwa wa kwangu.

Ila si wote wa kwangu. Wale kina mama wa Lyulilo walinipa vyungu kwa kuniamini. Soko linalofuata lazima niwapelekee mpunga wao, sehemu kubwa. Kinachobaki ndicho nakula na mwanangu.

Siku ya soko Sekela alibaki kwa mama mdogo. Siku nyingine zote nilikuwa naye, kwa sababu mama mdogo naye ana shamba lake. Nyumba kwa nyumba, vyungu kichwani, mtoto mkononi.

Sasa siku moja Ikolo, wakati wa mvua, mashamba yote yamejaa maji. Nimesimama uani kwa mteja, tunabishana kama chungu kimejaa au hakijajaa. Mimi nasema bado, yeye anasema kimejaa hicho. Nageuka, Sekela hayupo.

Nilimwita mpaka sauti ikakauka.

Tulimkuta katikati ya jaruba, maji yamemfika kifuani, ameshika mashina ya mpunga kwa mikono yote miwili. Anacheka. Hatua mbili mbele yake kulikuwa na mfereji, na mfereji ule ulikuwa unanizidi hata mimi.

Nilimbeba hadi nyumbani. Vyungu nilivisahau kule kule, yule mama alinihifadhia. Nilimwogesha, nikamlaza.

Nikajisemea kwamba huyu mtoto hatembei tena na mimi mashambani. Lakini nikimwacha, namwacha na nani? Na nikikaa naye nyumbani, tunakula nini?

Ndipo nikasikia habari za kituo.

Halmashauri ilikuwa na kituo cha kulea watoto mchana, kando ya barabara ya kwenda mjini. Mtoto anaingia asubuhi, anapewa uji, anaimba, anachorachora, unamchukua jioni. Zamani kilikuwa bure kwa wote. Wakati ule wa kuchangia huduma kikawa cha kulipia, kama kila kitu. Ila waliacha nafasi chache za bure kwa familia ambazo kipato chao hakivuki kiwango fulani kwa mwezi. Kiwango chenyewe siandiki, kwa hela ya leo mtacheka mpaka mpaliwe.

Nikajaza fomu kwa mwenyekiti wa kijiji. Pale kwenye kipato kwa mwezi nilikwama. Naandika nini? Vyungu tisa vya mpunga? Mwenyekiti akasema acha wazi, bibi maendeleo atakuja kuangalia kwa macho yake.

Bibi maendeleo ndiye afisa maendeleo ya jamii, sisi tulimwita hivyo. Alikuwa mgeni, katoka mikoa ya mbali, mama mpole wa miwani, anaandika haraka sana. Tukaambiwa atapita kwangu Alhamisi.

Hapa ndipo nilipofanya ujinga. Wa Kyela mtanielewa kabla sijamaliza.

Kwetu mgeni haoni shida yako. Akitangazwa mgeni, unafagia ua mpaka mchanga unaonyesha mistari, unapaka ukuta udongo mpya, na vitu ambavyo huna unaviazima. Majirani wala hawangoji kuombwa. Mimi sikufikiri hata kidogo kwamba huyu mgeni anakuja kupima umaskini wangu. Niliposikia mgeni wa serikali, akili ikaenda kwenye ufagio.

Jumatano jioni yakaja makochi ya Mama Anyisile.

Makochi yale yalikuwa maarufu. Ya mbao, mito myekundu, yamefunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma vyenye ua la njano katikati. Mama Anyisile alikuwa na roho nzuri, kila penye posa au msiba yanabebwa. Nadhani yalikuwa yanazijua njia za kijiji kuliko mwenyekiti.

Mama mdogo akaleta redio ya kaseti ya mumewe. Bi Zuhura, mwenye duka pale njia panda, mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka Kilwa, akaniazima chupa ya chai yenye maua, vikombe vya kaure na sinia. Akasema, "Mwanangu, mgeni asinywee bati, utaniaibisha mimi jirani yako."

Mezani nikaweka wali na mbasa mbichi wa kuchemsha na ndimu. Samaki yule ndiye aliyebeba akiba yangu ya wiki nzima.

Na pembeni ya ukuta, vyungu vyangu vya kuhifadhia mpunga, vimepangwa safu, vimejaa. Nilivifuta hadi vikang'aa.

Bibi maendeleo alikuja, akakaa, akala, akasifu samaki. Akaangalia huku na huku, anaandika.

Akauliza, "Redio hii inafanya kazi?"

Nikajibu, "Inaimba vizuri tu."

Nikaiwasha kabisa asikie.

Akauliza, "Na mpunga huu wote?"

Nikasema, "Mungu anasaidia, mama."

Wakuu, sikusema uongo hata mmoja. Ila ukweli nao sikuusema. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa nimejaa raha, najiona nimepokea mgeni kama anavyopokelewa mtu.

Baada ya wiki mbili karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata. Majina ya waliopata upande mmoja, ya waliokosa upande wa pili, na sababu. Jina langu liko la pili kwa waliokosa. Sababu: KIPATO KIMEZIDI KIWANGO.

Nikasoma mara tatu. Nikaichana ile karatasi. Si jina langu tu, karatasi nzima. Mlinzi akapiga kelele, nikamwambia akanishtaki.

Nilirudi nyumbani nimekasirika hadi machozi. Makochi yalisharudi kwao, redio imerudi, chumba kimebaki mkeka na kigoda kimoja. Sekela kakaa pale ambapo kochi lilikuwepo, anapiga piga sakafu, ananiuliza, "Mama, kiti laini kiko wapi?"

Ndipo nikaelewa. Nilicheka huku nalia. Mama mdogo alipofika akadhani nimepata wazimu.

Ukitaka kupinga, unaenda mbele ya kamati ya kata, siku yao ya kikao, watu wote wanasikia. Maana yake nini? Nisimame mbele ya Bujonde yote niseme kwamba sina kiti. Sina kikombe. Kwamba hata samaki yule alinilaza na njaa wiki nzima. Mimi! Mtu ambaye hata nguo ya shamba napiga pasi.

Nilikaa siku nne nikisema siendi. Mama mdogo hakunibembeleza. Siku ya tano alisema neno moja tu, "Mvua bado zinanyesha, mama Sekela." Akaondoka zake.

Nikaenda.

Ofisi ilijaa, wengine dirishani. Wajumbe wamekaa mbele, bibi maendeleo na mafaili yake. Kwenye benchi moja na mimi walikaa kina mama wawili nao walikosa nafasi, mmoja jirani yangu wa chini, mwingine wa ng'ambo ya kijito. Wote wawili wameinamisha vichwa, wamejifunika khanga hadi usoni. Wamekuja kupinga lakini jina likiitwa hawasimami.

Likaitwa langu. Nikasimama na Sekela mgongoni.

Nikasema, "Ndugu wajumbe, huyu mama alivyoandika ni sawa. Aliandika alichokiona. Ila alichokiona si changu."

Nikaendelea:

"Makochi yale ni ya Mama Anyisile. Redio ni ya mume wa mama mdogo. Vikombe, sinia na chupa ya chai ni vya Bi Zuhura. Ule mpunga kwenye vyungu ni wa kina mama wa Lyulilo, walinipa vyungu na wanasubiri mpunga wao. Chumba kile siku ile, changu kilikuwa mkeka, na huyu hapa mgongoni."

Nikawaambia na habari ya jaruba. Sikuona aibu tena.

Sikupata hata nafasi ya kukaa. Bibi maendeleo alikuwa anapekua mafaili kwa haraka. Anafungua moja, anafungua la pili, anarudi la kwanza. Akavua miwani.

"Makochi hayo," akasema, "yana mito myekundu?"

"Ndiyo, mama."

"Vitambaa vyeupe? Ua la njano katikati?"

"Ndiyo."

Akawageukia wale wawili kwenye benchi. "Na ninyi?"

Wakaitikia kwa vichwa.

"Nimekaa kwenye makochi hayo nyumba tatu," akasema, "Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Nikadhani Bujonde mna fundi mmoja tu."

Kutoka dirishani ikapanda sauti ya Mama Anyisile mwenyewe. "Ni yangu hayo! Na wiki ile nzima mimi mwenyewe nimekaa kwenye kinu!"

Ee Kyala, Mungu wangu! Ofisi ilivunjika kwa vicheko. Mwenyekiti wa kamati, mzee mkali yule, akaficha uso kwenye koti. Wale wenzangu wakafunua khanga, wanacheka na kufuta machozi. Wakasimama nao, wakasema yao, na vya kwao vilikuwa vya kuazima vilevile, mpaka saa ya ukutani.

Nikaona kitu pale. Nilidhani nikisema sina kiti nitapungua. Nilipomaliza kusema, nilikuwa nimesimama vizuri kuliko siku niliyokalisha mgeni kwenye kochi la mtu.

Wiki iliyofuata bibi maendeleo alikuja bila taarifa. Alinikuta naanika mpunga. Akakaa kwenye kigoda, akanywa maji kwenye kikombe cha bati, akauliza maswali yote ambayo hakuuliza mara ya kwanza. Chungu kimoja kinaingiza debe ngapi? Kina mama wa Lyulilo wanachukua kiasi gani? Mwezi wa mvua unauza vingapi? Alipiga hesabu zake mbele yangu, na mimi kwa mara ya kwanza nikajua kipato changu ni nini hasa. Kilikuwa chini ya kiwango, chini sana, mpaka akaninong'oneza, "Pole."

Nikamwambia, "Usinipe pole, mama. Nipe nafasi."

Watoto watatu wakaingia kituoni, wote wa makochi yale yale. Siku ya kwanza Sekela hakulia hata. Aliingia, akaona uji, akanisahau.

Sasa msije mkadhani stori imeishia hapo.

Nikawa na mikono miwili. Mtu asiye na mtoto wa kushika anatembea mara mbili, na mimi nilitembea mara tatu. Nikafika vijiji ambavyo sikuwahi kufika. Wakati huo malori ya mchele yalianza kuja kwa wingi kutoka Mbeya na Dar, ruksa mtu yeyote kuuza. Mpunga wangu uliobaki nikaanza kuukoboa na kuwauzia mchele. Halafu nikaanza kuwakusanyia na wengine. Msimu wa pili nilikuwa na vijana wawili wa baiskeli, na kina mama wa Lyulilo nawalipa mpunga wao pale pale sokoni kabla hawajashusha chungu cha mwisho.

Nikanunua redio, halafu makochi. Mito ya bluu. Nilitaka kila mtu ajue si yale mekundu.

Nafasi ile kituoni ilikuwa ya kuombwa upya kila mwaka, na afisa anapita tena kukagua. Ikakaribia siku ya mara ya pili. Mama Anyisile akaja jioni, kwa nia njema kabisa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama Sekela, yalete makochi yako kwangu siku mbili. Na redio. Mgeni akija akute mkeka."

Mimi nilimwangalia nikashindwa nicheke au nifanye nini. Miaka miwili nyuma alinipa makochi nionekane ninayo. Sasa anataka kuyachukua nionekane sina.

Nilimwambia, "Ndaga fijo, asante sana, dada. Lakini nimekaa chini muda mrefu kuyapata haya. Siwezi kuyaficha."

Sitawadanganya, nilifikiria. Ada ya kituo haikuwa ndogo, na nani angejua? Lakini kila nikifikiria kuficha, namwona yule mtoto katikati ya jaruba ameshika mashina ya mpunga. Nafasi zilikuwa chache. Mahali fulani kulikuwa na mama mwingine anabishania chungu huku kayapa maji mgongo.

Sikusubiri aje. Nilivaa gauni langu la kanisani, nikaenda ofisini kwake mwenyewe.

Bibi maendeleo akauliza, "Umeleta fomu?"

Nikasema, "Nimeleta taarifa. Kipato changu kimezidi kiwango."

Akanitazama. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

Akafungua droo, akatafuta, akafungua kabati. Fomu ya kuomba ipo, fomu ya kukata rufaa ipo. Ya mtu kuja mwenyewe kusema nimevuka haikuwepo. Akaniambia tangu aanze kazi hakuna aliyewahi kuihitaji.

Akachukua karatasi tupu, akaandika kwa mkono. Jina langu, kijiji, jina la mtoto, na sababu ya kuachia nafasi: kipato kimezidi kiwango.

Nikasema, "Piga na muhuri."

Akasema, "Hii haina haja ya muhuri, ni ya faili tu."

Nikasema, "Andika mbili, mama. Moja ya faili, moja yangu. Na yangu ipige muhuri."

Akapiga. Aliukandamiza kweli kweli, halafu akasimama akanipa mkono.

Nafasi akapewa mtoto wa mama mmoja wa Ikolo, sikumjua na sijamtafuta. Sekela akabaki pale pale, kwa ada, niliyoilipa mimi, mpaka alipoanza darasa la kwanza. Leo ni mama mtu mzima, fundi wa mashine za kukoboa mpunga, mkali kuliko mimi, na bado anapenda uji.

Nilichojifunza? Kiwango cha kipato si tusi. Ni mstari tu kwenye karatasi, na yeyote anaweza kuwa chini yake mwaka huu na juu yake mwaka kesho. Ukiwa chini, sema uko chini, usione haya, msaada uliwekwa kwa ajili yako. Usijifanye tajiri kwa mgeni anayekuja kukusaidia. Na ukivuka, sema umevuka, kuna mtu nyuma yako amesimama na mtoto mgongoni. Yule mdau wa pikipiki, kama kweli bado uko chini, nenda kapinge na hesabu zako mkononi. Kama umevuka, mwanangu, hongera.

Karatasi ya kwanza iliyosema kipato changu kimezidi niliichana ubaoni. Ya pili nimeiweka kwenye fremu, iko sebuleni, muhuri unaonekana.

Haya, uwanja ni wenu, semeni. Wa Kyela mnaoyakumbuka makochi mekundu mjitokeze. Na atakayesema nilikuwa mjinga kuachia nafasi ya bure asiandike hapa, aje Bujonde. Nitamkalisha kwenye kochi la bluu, langu mwenyewe, ndiyo tuongee.